Mpe Kitabu Kisicho na Maswali Mwishoni

Siku niliyoagwa kazini, baada ya miaka 34 ya kufundisha Kiswahili na fasihi yake katika shule za sekondari, nilizawadiwa godoro, saa ya ukutani na mabati 20. Sikuzidharau zawadi hizo, wala leo sizidharau. Godoro nalilalia, na mabati yamo juu ya kichwa changu ninapoandika. Lakini usiku ule, tulipokuwa tukivipanga vitu vile sebuleni, mke wangu aliniuliza: "Miaka yote hiyo ya vitabu, hakuna hata mmoja aliyekupa kitabu?" Nilicheka. Kisha nikajiuliza ni lini mimi mwenyewe nilimpa mtu kitabu kisichokuwa cha kiada wala cha mtihani. Sikukumbuka.

Ndugu wasomaji, makala haya yametokana na swali lile. Harusi, mahafali, Idi na Krismasi huja kila mwaka, nasi kila mwaka huwaza tumpelekee nani nini. Nataka kuwashauri mwaka huu mnunue vitabu vya Kiswahili, na hasa vile vya miaka hii ya karibuni, vya waandishi ambao wangali hai wakiandika. Nitavitaja vichache. Lakini kabla ya majina sina budi kuungama kosa, maana ushauri wa mtu asiyekiri lake haufiki mbali.

Mwaka 1998 kijana mmoja wa kidato cha tatu aliniletea daftari. Ndani yake mlikuwa na mashairi aliyoyatunga mwenyewe, yameandikwa kwa wino wa buluu, vina vyake vimepangwa wima kama vigingi vya ua. Nilimwahidi kwamba ningeyasoma likizoni. Likizo ikaja na shamba, na msiba, na mitihani ya kusahihisha. Daftari likakaa chini ya mrundo wa karatasi. Shule ilipofunguliwa nilimrudishia. Nilikuwa nimesoma ukurasa wa kwanza tu, na humo nilichokifanya ni kuyapigia mstari mwekundu maneno mawili aliyoyakosea tahajia. Nikamwambia, "Soma kwanza vitabu vya mtihani. Haya ya kutunga yatakuja baadaye." Akajibu, "Sawa, Mwalimu." Hakuniletea daftari jingine.

Miaka ikapita. Mabati yale ya kuagwa yalihitaji misumari, nami nikaingia katika duka moja la vifaa vya ujenzi. Mwenye duka akasimama. "Shikamoo, Mwalimu." Nikaitikia, nikamtazama, nikamtambua. Alikataa katakata kupokea fedha ya misumari. Tulipomaliza habari za nyumbani nikamwuliza, "Na mashairi?" Akacheka. "Aa, Mwalimu, lile daftari lilikwenda na mchwa." Alilisema bila kinyongo, na kule kukosa kinyongo ndiko kulikoniuma zaidi.

Wiki chache baadaye nilimpelekea diwani ya mashairi. Aliipokea kwa mikono miwili, akaifungua, akaenda moja kwa moja hadi kurasa za mwisho. "Mwalimu, hiki hakina maswali?" Nikamwambia hakina. Akakigeuza tena, kana kwamba nimemwuzia baiskeli isiyo na minyororo.

Hapo ndipo nilipoielewa kazi niliyoifanya kwa miaka 34. *Watoto wa Mama N'tilie*, *Takadini*, *Wasakatonge* na *Malenga Wapya* nimevifundisha hadi nikazijua kurasa zake kwa mikunjo. Ni vitabu vyema, na sina ugomvi navyo. Lakini niliwafundisha vijana kuvisoma kama mtu anavyopekua mifuko ya koti kutafuta sarafu: toa dhamira tatu, toa tamathali nne, rudisha koti mahali pake. Waliohitimu kwangu walijua kwamba kitabu ni kitu kinachoulizwa maswali. Mtihani ulipokwisha, maswali yakakoma, na kitabu nacho kikakoma. Hata *Vuta N'kuvute* ya Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1999, riwaya ambayo mtu aweza kukesha nayo kwa raha zake, wapo wengi wanaoikumbuka kwa dhamira walizozikariri tu.

Madhara ya jambo hili hayaishii kwa msomaji. Kitabu kinachonunuliwa kwa sababu kimo katika orodha ya shule kina soko siku kikiwa katika orodha. Mchapishaji naye ni mfanyabiashara, hutazama mahali fedha inapotoka. Mtunzi chipukizi akiona kwamba mlango ni mmoja, atajipunguza mabega ili apite. Ataacha neno la kwao kwa kuogopa kwamba wanafunzi hawatalijua, ataacha habari za mapenzi na siasa kwa kuogopa kwamba hazitapitishwa. Mwisho wake tutakuwa na fasihi inayoandikwa kwa ajili ya watoto wa miaka 16 na wasahihishaji wao. Watu wazima tutabaki na magazeti na simu.

Zawadi yaweza kuufungua mlango wa pili. Wala si jambo geni katika utamaduni wetu. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate, akiwa mgonjwa, alimtungia bintiye Mwana Hashima utenzi wa wasia. Hakuutunga kwa ajili ya darasa. Alikuwa mama anayempa mwanawe kitu cha kukaa nacho. Mtu aweza kubishana na mawaidha yaliyomo, na wanawake wengi wa leo wanabishana nayo, lakini vyombo vya nyumba ile hatuvijui na utenzi tunao. Tendo lile la kumpa mtu maneno, tena kwa jina lake, ndilo ninalolitafuta.

Sasa nivitaje vitabu. Sitavipanga kwa ubora. Nitavipanga kwa mtu wa kupewa, kwa sababu kosa la wapaji wengi ni kununua kitabu wanachokipenda wao.

Aliye na ndugu ng'ambo, au aliye ng'ambo mwenyewe, mpe *N'na Kwetu* ya Mohammed Khelef Ghassani. Ndiyo diwani niliyompa mwanafunzi wangu. Ghassani ni Mzanzibari aliyefanya kazi ya uandishi wa habari Ujerumani, na anwani ndogo ya kitabu, *Sauti ya Mgeni Ugenini*, yaeleza mengi. Tazameni pia lile jina. Angeweza kuandika "Nina Kwetu", na mhariri wa shule angefurahi. Ameandika kama watu wa kwao wanavyotamka, kwa hiyo hata kabla hujakifungua umekwisha kuambiwa kwao ni wapi. Diwani hiyo ilipata ushindi wa ushairi mwaka 2015 katika tuzo ya fasihi ya Kiswahili iliyoasisiwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, ambayo baadaye ikaitwa Safal-Cornell. Jina "Mabati" lilitokana na kiwanda cha mabati cha Kenya kilichoifadhili. Nilipolijua hilo nilitazama juu kwenye dari langu, nikacheka peke yangu. Kumbe bati na kitabu wana udugu.

Tuzo hiyo hiyo imetutolea vingine. Mwaka 2017 ilishinda diwani ya Dotto Rangimoto, *Mwanangu Rudi Nyumbani*. Hiyo naipendekeza kwa mzazi na kijana waliokuwa hawasemezani sana. Jina lake tu latosha kuanzisha mazungumzo. Mwaka huo huo riwaya iliyoshinda ilikuwa *Mmeza Fupa* ya Ali Hilal Ali. Mpe mpenzi wa lugha, yule anayesimamisha mazungumzo ili aulize neno limetoka wapi. Ataanza na jina: mfupa twaujua, lakini fupa ni kitu kingine, na anayelimeza ana kisa.

Kwa dada, shangazi au mama mkwe anayesema kwamba riwaya za Kiswahili haziwajui wanawake, mpe *Mungu Hakopeshwi* ya Zainab Alwi Baharoon, mshindi wa mwaka 2018. Inaingia ndani ya nyumba, inauliza mamlaka ya baba yaishie wapi. Wanaume nao waisome. Mimi nimeisoma nikiwa baba wa watoto wanne, na kuna mahali nililazimika kuweka kitabu chini nikatembea kidogo uani.

Yuko pia msomi wa familia, yule anayedai kwamba vitabu vizito viko kwa Kiingereza. Huyo mpe *Peponi*. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, aliiandika riwaya hiyo kwa Kiingereza na ikatoka mwaka 1994. Mwaka 2021 akapata Tuzo ya Nobel ya Fasihi, na mwaka 2022 tafsiri ya Kiswahili ya Ida Hadjivayanis ikachapishwa na Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam. Ni habari za Yusuf, mtoto anayechukuliwa na tajiri kwa sababu ya deni la babaye, akasafiri naye hadi bara. Watu wa kitabu kile ni watu wa pwani na bara yetu. Ukikisoma kwa Kiswahili unahisi wamerudi nyumbani wakavua viatu.

Kijana anayeota kuondoka nchini mpe *Mbali na Nyumbani* ya Adam Shafi, ya mwaka 2013, inayosimulia safari ya ujana wake alipotoka Zanzibar kutafuta njia ya kwenda Ulaya. Na nyumba mpya, ya bwana na bibi harusi, ipelekeeni kamusi. *Kamusi Kuu ya Kiswahili* ya BAKITA, ya mwaka 2015, ikae sebuleni mahali panapoonekana. Wenye nyumba watabishana juu ya maneno, na ubishi wa maneno ni afadhali kuliko mwingine.

Najua nitakayojibiwa. Kwanza, vitabu ni ghali. Si uongo, kwa mwenye kipato kidogo kitabu ni fedha. Lakini mimi nazungumza na watu ambao tayari wameamua kutoa zawadi. Diwani moja mara nyingi haifiki bei ya doti ya kitenge kizuri, wala haikaribii mchango wa harusi tunaoutoa kila mwezi bila kuguna. Pili, watu hawasomi. Nami nauliza, walipewa nini wasome? Tatu, kitabu kinapatikana bure kwenye simu, mtu amekipiga picha ukurasa kwa ukurasa akakituma. Hilo naliita kwa jina lake, ni wizi. Anayemtumia rafiki nakala ile amemzawadia jasho la mtu mwingine.

Namna ya kutoa nayo ina adabu zake. Usimpe mtu aliyeacha kusoma miaka 20 riwaya ya kurasa 400. Mwanzishe kwa mashairi, maana shairi moja laweza kusomwa chai ikipoa. Andika jina lake na tarehe katika ukurasa wa kwanza, ili kitabu kijue bwana wake. Mtoto mdogo usimpe tu, keti umsomee. Na baada ya kutoa, usirudi kuuliza, "Umefika wapi? Umejifunza nini?" Hilo kwangu lilikuwa gumu kuliko yote. Ulimi wa mwalimu hauzeeki.

Sikumwuliza mwanafunzi wangu. Nilipita dukani mara mbili, nikanunua bawaba na rangi, nikazungumza habari za mvua. Mara ya tatu alinieleza mwenyewe. Ana mdogo wake Muscat, huko anaendesha gari la mizigo kwa mwaka wa saba sasa. Usiku mmoja alimpigia simu akamsomea shairi moja la diwani ile. Upande wa pili ukawa kimya, akadhani mtandao umekatika. Kisha mdogo wake akasema, "Kaka, rudia."

Kuna tuzo mbalimbali sasa, na serikali yetu nayo inayo Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu. Nazishukuru zote. Lakini tuzo humpa mwandishi siku moja ya furaha na hundi moja. Sisi ndio tunaoweza kumpa jambo ambalo kamati haiwezi kumpa, yaani mtu wa kusema "rudia".

Nimemaliza. Ubeti niliouandika katika ukurasa wa kwanza wa kitabu kile ni huu. Si wa kujivunia, lakini ni deni langu, na mwenye deni halipi kwa kujificha:

Pokea yangu zawadi, si sahani wala shuka,
Nimekawiza ahadi, miaka imenitoka,
Kikutulize fuadi, si mtihani hakika,
Kisha kalamu irudi, mkononi kuandika.

Mwezi uliopita nilipokwenda kununua kitasa, aliniambia nisubiri. Akainama chini ya meza ya fedha, akatoa daftari jipya, akanipa bila neno. Safari hii sikuahidi likizo. Niliketi pale pale juu ya mfuko wa saruji, nikaanza kusoma, na kalamu nyekundu niliiacha nyumbani.