Motere ya kuzunguka: moshi kidogo, batri nusu

Ku Japani, Australia na California kuko watu wenye kupenda mutoka ndogo za miaka ya 1960 na 1970. Wanatosha motere ya zamani, wanatia ile ya Mazda yenye kuzunguka. Haina pistoni za kupanda na kushuka. Ndani munazunguka kipande cha pembe tatu. Ni ndogo, ni nyepesi, inaenea vizuri. Ubaya wake ni moshi: inakula esansi mingi, tena inachoma na mafuta ya motere, juu zile pembe lazima zilainishwe.

Sasa wachague gani? Wengi wanakimbilia 13B ya zamani, juu mekano wanaizoea. Kwetu jibu ni Renesis, yenye ilitoka na RX-8 mwaka wa 2003. Mu zile za mbele yake, tundu la kuingiza hewa na tundu la kutosha moshi yalifunguka pamoja kwa kitambo kidogo, esansi yenye haijaungua ikaponyoka. Mazda ilihamisha tundu la moshi ku ubavu, yakaacha kufunguka pamoja. Lakini mwenye kununua achukue yote: motere, ordinatere yake na katalizeri. Ukitupa katalizeri, basi ulinunua Renesis ya nini? Na usafi ule haukutosha: RX-8 iliacha kuuzwa Ulaya mwaka wa 2010, na 2012 ikaacha kutengenezwa kabisa.

Mtu wa Kolwezi atauliza: hiyo inatuhusu nini siye? Inatuhusu kwa batri. Mwaka wa 2023 Mazda iliirudisha hii motere mu MX-30 R-EV. Iko na rota moja tu, sentimita za ujazo 830, na haisukumi magurudumu: kazi yake ni kutoa umeme. MX-30 ya umeme tupu iko na batri ya kWh 35,5. Ile yenye motere iko na 17,8. Nusu.

Ni mutoka moja tu, haitaangusha soko. Lakini tuitie ku mizani pamoja na batri za chuma na fosfati, zenye hazina kobalti hata gramu moja. Serikali ilifunga kuuza kobalti inje tarehe 22 Februari 2025, ikafungua mu Oktoba kwa kota: tani 96.600 kwa mwaka, 2026 na 2027. Kota inapandisha bei, na tulikuwa na haja nayo, juu bei ilikuwa imelala chini sana. Ila bei ikipita kiasi, mutengenezaji wa mutoka anaenda kutafuta batri ndogo, ao batri bila kobalti. Mwenye kupima kota lazima aangalie na kule.

Shaba haiko mu hatari hiyo. Hata ile MX-30 yenye batri nusu iko na jenereta na motere ya umeme, na waya za ndani ni shaba.