Je, Fisi-maji ni Adui wa Mtu?
Mtu akisimama asubuhi kando ya mafunjo ya Dunga, karibu na mji wa Kisumu, pengine ataona vichwa vidogo vyeusi vikizuka majini, vikazama, kisha vikazuka tena mbali kidogo. Mgeni hudhani ni mamba wachanga. Watoto hupiga kelele na kukimbia. Kumbe ni fisi-maji. Swali liulizwalo mara nyingi ni hili: je, mnyama huyu humdhuru mtu?

Kwanza ijulikane kwamba jina lake limemponza. Fisi-maji si fisi, wala si ndugu yake fisi. Jamaa zake ni nyegere na kicheche.

Katika Ziwa la Victoria wako wa aina mbili. Wa kwanza ana madoa meupe shingoni, na vidole vyake vimeunganishwa kwa ngozi kama vya bata. Uzito wake ni kilo 4 hadi 6 hivi. Huwinda mchana kwa sababu hutegemea macho yake, na chakula chake ni samaki wadogo, kama furu. Wa pili ni mkubwa zaidi, aweza kupita kilo 15. Miguu yake ya mbele haina kucha, nayo yafanana na mikono ya mtu. Hupapasa matopeni na chini ya mawe akitafuta kaa, hasa jioni na alfajiri. Hakuna hata mmoja kati yao amwindaye mtu.

Hata hivyo, si mnyama wa kuchezewa. Huuma akibanwa na mbwa, akinaswa wavuni, au mtu akikaribia tundu lenye watoto wake. Meno yaliyoumbwa kuvunja gamba la kaa hayashindwi na kidole cha mtu. Kwa hiyo mtoto akiokota kitoto cha fisi-maji apate kukifuga, na aambiwe akiache palepale. Mama yake hayuko mbali. Aliyeumwa aoshe jeraha mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka, muda wa dakika 15, kisha aende hospitali bila kukawia, kwa maana kichaa cha mbwa huweza kuletwa na mnyama yeyote anyonyeshaye, na dalili zake zikisha kuonekana, ni shida kupona.

Ugomvi mkubwa uko kwa wavuvi. Fisi-maji hufuata samaki walionaswa na kuharibu nyavu, na wavu ni mali ya mtu. Hasira ya mvuvi yafahamika, lakini rungu halitamrudishia samaki wake. Mbuta aliletwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, na ilipofika miaka ya 1980 alikuwa amezidi sana, na furu wakapungua mno. Nyavu za macho madogo na ukataji wa mafunjo, yaliyo malezi ya samaki wachanga, nayo yameongeza hasara. Fisi-maji naye amepata njaa hiyo hiyo. Tena, katika Kenya uwindaji wa wanyama wa porini ulipigwa marufuku mwaka 1977. Mvuvi amkutaye wavuni akiwa hai asimshike kwa mikono mitupu; na auinue wavu kwa kasia ili mnyama apate pumzi, kisha amfungulie njia.

Hatari za ziwa ziko kwingine: kiboko apinduaye mtumbwi, mamba, dhoruba ya ghafula, na kichocho kitokacho kwa konokono wa maji yaliyotulia. Mzazi amwonyaye mwanawe juu ya fisi-maji, kisha akamwacha aoge jioni palipo na viboko, ameziba tundu la panya na kuuacha mlango wazi.