Hiyo Ũ Si Mapambo

Sikizeni, watu wangu. Msee anavaa jezi ya Arsenal imeandikwa ØDEGAARD mgongoni, ile O imekatwa kabisa na mstari wake, na hakuna siku amelalamika ati inamsumbua. Mwambie aandike Wanjikũ na alama yake, anaanza: "Aah, si tunaelewana tu."

Hatuelewani. Kiswahili kina irabu tano, basi, ndiyo maana hakihitaji alama juu. Gĩkũyũ ina saba. Ĩ inakaribia e, ũ inakaribia o, na hizo ni herufi kamili, vile b na p ni herufi mbili tofauti. Guka ni babu. Gũka ni kuja. Ukiandikiwa bila alama unabaki kukisia, na kama lugha hukuishika nyumbani, unakisia vibaya. Na wengi wetu tumezaliwa Nairobi, Gĩkũyũ tunaisikia Krismasi tukienda ushago. Jina ndilo neno la pekee tulilobaki nalo. Mimi naitwa Mũthoni, kwa sikio ni karibu "Mothoni". Nimekutana na kina Muthoni wa rika langu wanaotamka hiyo u kama ya kuku, na hakuna mtu amewahi kuwaambia.

Sasa msinidanganye ati alama zilikufa kwa sababu watu hawazitaki. Shosho wangu aliishia darasa la nne, na akiandika orodha ya duka hasahau hata moja. Zilitolewa na mashine. Chukua SMS. Meseji moja inabeba herufi 160, lakini ni zile tu zilizo kwenye orodha fupi iliyopangwa Ulaya. Ø iko ndani. Ñ ya Wahispania iko. Ũ haiko. Ukiweka ũ moja tu, meseji nzima inabadilishwa mfumo na nafasi inashuka hadi herufi 70. Yaani meseji ya herufi 100 inakuwa mbili, na unalipia mbili. Enzi zile tunahesabu kila bob ya kredo, nani angeweka alama?

Wahispania yao waliipigania. Mwaka 1991 Jumuiya ya Ulaya ilitaka waondoe sheria iliyolazimisha kompyuta zinazouzwa kwao ziwe na ñ. Wakakataa, na 1993 wakaweka sheria ya kuilinda. Hata Gabriel García Márquez, ambaye ni mtu wa Kolombia, aliitetea hadharani. Serikali nzima, herufi moja!

Sisi je? Mwaka jana nilijaza fomu ya ofisi fulani mtandaoni, nikaandika jina vile lilivyo, nikaambiwa lina herufi zisizokubalika. Beshte yangu ni Ng'ang'a, ilikataa hata ritifaa zake. Na shuleni ukiandika "ngombe" bila ritifaa unakatwa maksi! Sikumaliza chuo, lakini hapo hata mimi naona mtu anatuchezea.

Na tafadhali msiniambie ni teknolojia. Ĩ na ũ ziko kwa Unicode tangu miaka ya 1990. Wavietnamu wanazitumia hizohizo kuonyesha toni, na simu zao ni hizihizi zetu. Kibodi zipo, za bure. Zamani mashine ilitukataza. Siku hizi ni uvivu, na wanaoongoza ni wenye kazi ya maneno: wahariri, watangazaji, sisi wa mitandao.

Ngũgĩ wa Thiong'o aliandika riwaya nzima ya Gĩkũyũ kwa karatasi ya choo, akiwa gerezani Kamiti. Alipofariki Mei 2025, watu wenye laptopu na Wi-Fi wakamwandikia rambirambi za "Ngugi".

Ingia kwa profaili yako saa hii ubadilishe jina. Simu ikikuletea ú au û, hiyo siyo. Tafuta ile yenye kiwimbi juu.