Tufinyange Pamoja na Watoto

Mvua zikinyesha watoto wadogo hukaa barazani. Wakichoka kukaa, huingia kwenye matope. Mama hugomba. Baba naye hugomba. Lakini udongo huo ni shule yao ya kwanza, kama mkiutengeneza vizuri na kukaa nao. Mwezi huu tuzungumze juu ya kufinyanga pamoja na watoto wa miaka 3 hadi 6.

Kwanza, udongo wenyewe. Udongo wa karibu na choo, zizi au jalala haufai kabisa. Una mayai ya minyoo, nayo hayaonekani kwa macho. Mtoto hutia vidole mdomoni, na mayai huingia tumboni. Huko minyoo hukua na kumnyang'anya chakula chake. Kwa hiyo mtu mzima achimbe udongo mahali safi, mbali na nyumba. Aondoe udongo wa juu, achukue ule wa chini. Udongo wa kichuguu pia ni mzuri, lakini uangalie nyoka! Ukimaliza kuchimba, fukia shimo siku hiyo hiyo. Shimo likijaa maji ya mvua laweza kumzamisha mtoto.

Ponda mabonge. Toa mawe na mizizi. Tia maji kidogo kidogo, kisha ukande kama unavyokanda unga wa chapati. Usiwafukuze watoto wakati huu. Kukanda hutia nguvu vidole vyao, na vidole hivyo ndivyo vitakavyoshika kalamu.

Je, udongo umefaa? Viringisha nyoka mwembamba kama kidole. Mzungushe kwenye dole gumba. Akikatika ovyo, udongo una mchanga mwingi, au maji hayakutosha. Ukinata mikononi, ongeza udongo mkavu.

Sasa kaeni juu ya mkeka wa zamani au majani ya mgomba. Nimesema kaeni, na baba pia. Wako akina baba wanaosema kufinyanga ni kazi ya wanawake. Lakini matofali ya nyumba zao waliyafyatua wenyewe, kwa udongo huo huo.

Mpe kila mtoto bonge lake, kubwa kuliko mdomo wake, asije akalimeza. Wewe finyanga chako. Usimwambie afanye kama wewe. Atatengeneza ng'ombe mwenye miguu mitatu. Usimcheke, na usiongeze mguu wa nne. Muulize, "Ng'ombe wako anaitwa nani? Anakula wapi?" Hapo utasikia hadithi ndefu. Mtoto anayezoea kueleza mambo yake nyumbani hataogopa kumjibu mwalimu shuleni. Mguu ukidondoka, mwonyeshe jinsi ya kuukwaruza kidogo na kuupaka tope laini ili ushike tena.

Wewe uliyejifunza kusoma ukubwani, hapa una kitu cha kumpa mwanao. Nyoka wa udongo akikunjwa duara ni herufi o. Nyoka aliyenyooka ni herufi l. Kama mtoto anaitwa Ali, mwandikieni jina lake kwa nyoka, juu ya ubao. Apitishe kidole juu ya kila herufi. Asipotaka, mwache arudi kwa ng'ombe wake. Bado ni mdogo.

Watu wengi walianza ufundi kwa namna hii. Kando ya Ziwa Nyasa, wanawake wa Kikisi wanajulikana sana kwa vyungu vyao, ambavyo huvipeleka sokoni Matema kwa mitumbwi. Binti hujifunza kazi hiyo kwa mama yake.

Vitu vilivyofinyangwa vianikwe kivulini siku tatu au nne. Jua kali huvipasua. Msivitupe katika moto wa jikoni. Udongo wenye unyevu hupasuka kwa kishindo ukipata moto, na vipande vyaweza kuingia machoni. Vikikauka tu vyatosha kwa mchezo. Vikivunjika, viloweke, mkande upya.

Mkitaka rangi, sagieni mkaa upate nyeusi. Udongo mwekundu utatoa nyekundu, na majivu yaliyochekechwa yatatoa kijivu. Changanya kila moja na uji mwembamba uliopoa, ili rangi ishike. Kijiti kilichotafunwa ncha kama mswaki ndiyo brashi yenu. Chokaa msiwape watoto, kwa sababu huchoma macho na ngozi.

Mchezo ukiisha, wote wanawe mikono kwa sabuni, na kucha zisafishwe kwa kijiti. Udongo uliobaki ufunikeni kwa gunia lililoloweshwa. Kesho utakuwa bado laini.

Mwezi ujao tutaeleza jinsi ya kutengeneza mpira wa matambara. Anzeni kuweka akiba ya vitambaa vilivyochakaa.