Usijibu « Yes » Mbele ya Kuelewa

Ndugu mutumishi, kesho asubuhi, mbele ya kuanza kazi, zunguka mashini yako na usome maneno yote yaliyoandikwa juu yake. Utakuta « Danger », « Do not start », « Remote », « Live ». Kamio kubwa zinafika na kitabu cha Kingereza. Fundi anayekuja kuzitengeneza ametoka Afrika ya Kusini ao Zambia. Na wewe, shule yako yote ulifundishwa Kifaransa.

Kingereza si mugeni kabisa kwetu. Njia ya reli ilifika Lubumbashi kutoka Rodezia katika mwaka 1910, na watu waliosema Kingereza wakafika nayo. Wazee wetu walichukua maneno yao, kama vile « buku », na tunayasema mpaka leo bila kuuliza yalitoka wapi. Lakini « buku » haikukata mukono wa mutu. Maneno ninayoandika leo yanaweza kuukata.

Utasema: « Mimi ninajua Kifaransa, Kingereza kinafanana nacho, nitajikaza. » Ndugu, hatari iko palepale. Angalia kibao hiki: « Do not enter ». Mutu wa Kifaransa anatambua neno moja tu, la mwisho, na neno lile linamwambia aingie. Yale mawili ya kwanza, yanayokataza, hayajui. Anaingia.

Nenda kwa neno « petrol ». Kwetu hapa petroli ni mafuta ya taa, na ile ya motokari tunaiita esansi. Kwa Mungereza, « petrol » ni esansi yenyewe. Na dereva Mutanzania anayekuja kubeba shaba kupitia Kasumbalesa, ijapo anasema Kiswahili kama sisi, yeye vilevile akisema petroli anataka kusema esansi. Basi bidoni iliyonunuliwa ngambo, imeandikwa « petrol », inafika nyumbani, mama anaijaza katika taa ao anaimwanga juu ya makala. Esansi inatoa mvuke unaoshika moto hata mbele kiberiti hakijaigusa. Hii si habari ya kazini tu. Ndugu, zungumza na bibi yako leo magaribi juu ya bidoni zilizo nyumbani.

« Inflammable » inaogopesha Mufaransa, na ana haki. Kwa Kingereza kuna « flammable » na « inflammable », na yote mawili ni kusema kitu kinashika moto. Usizanie kwamba moja ni kinyume cha lingine.

Kuna tena hesabu. Ukisoma 1,500 katika karatasi ya Kingereza, ni elfu moja na mia tano. Ukiisoma kwa Kifaransa, ni moja na nusu. Yule anayepima dawa za kiwanda anajua namna gani kosa hili linaweza kuharibu kazi na kuunguza watu. Na wewe unayejaza pumzi katika mipira ya kamio, kumbuka kwamba bari moja ni karibu psi 14 na nusu. Psi 100 ni karibu bari 7. Mupira uliojazwa kupita kiasi unapasuka kama baruti, na chuma cha gurudumu kinaruka.

« Live » ni kusema uzima. Mungereza anasema waya ni « live » wakati umeme unapita ndani yake. Kwake waya ukiwa muzima, ni wewe utakayekufa. « Remote » juu ya sanduku la moteri inaonyesha kwamba mutu aliye mbali, katika chumba cha kuongoza, anaweza kuiwasha. Yeye hakuoni. Umeinama juu ya mukanda wa kupeleka majiwe, mashini imenyamaza, unazania imelala.

Lakini neno ninaloogopa kupita yote hayo ni fupi sana, na kila mutu analijua. Ni « yes ».

Sikia namna gani linadanganya. Fundi Mungereza anamuuliza mutumishi, kwa lugha yake, kama hakufungua vane ya asidi. Mutumishi hakuifungua. Katika Kiswahili tunajibu: « Ndiyo, sikufungua », sababu tunakubali neno la yule aliyeuliza. Basi mutumishi anasema « yes ». Lakini kwa Kingereza « yes » katika jibu hili inaweza kusikiwa: vane imefunguliwa. Angepashwa kusema « no ». Watu wawili, wote wawili wenye akili, wote wawili wamesema ukweli, na sasa mumoja anaamini kitu kisichokuwa. Geuza mufano: anauliza kama umeme haujakatwa bado. Haujakatwa. Ninakuacha ufikiri juu ya jibu, na juu ya mukono wa yule aliyeuliza.

Na kuna « yes » nyingine, ya haya. Shefu amesema haraka, wenzako wanatikisa kichwa, nawe hutaki kuonekana mujinga. Ninaijua « yes » ile, niliisema mara nyingi katika ujana wangu. Siku moja ilinipeleka kwenye moteri isiyo yangu, na bahati tu iliniokoa.

Kwa hiyo, mutu akikuuliza kwa Kingereza, usimujibu « yes » wala « no » peke yake. Sema jambo lenyewe: vane imefungwa, umeme umekatwa, watu wawili wako ndani. Ukikosa maneno, mupeleke, onyesha kwa kidole. Akikupa amri, uirudilie kwa kinywa chako mbele ya kuondoka. Akikasirika, akasirike.

Kwa wakubwa wa kazi nina neno vilevile. Wengi wanasema watumishi wajifunze Kingereza. Ni vizuri, masomo ya jioni yaanzishwe, mimi nitakaa kwenye benchi ya kwanza. Lakini mutu hajifunzi lugha katika mwezi mumoja, na mashini inazunguka leo. Kibao kinachokataza kifo kiandikwe katika lugha ya yule anayeweza kufa: Kiswahili kwanza, Kifaransa na Kingereza chini yake, pamoja na picha. Rangi haichagui kabila: duara nyekundu yenye mustari inakataza, ya bluu inalazimisha, pembe tatu ya manjano inaonya. Rangi ya vibao inagharimu kidogo.

Wakati tunangojea vibao vile, ndugu mutumishi, chukua kadena yako. Mbele ya kutia mukono ndani ya mashini, kata umeme, funga kadena kwa jina lako, kisha jaribu kuwasha ili uone kama kweli imekufa. Ufunguo uweke katika mufuko wako, usimwachie mutu, mpaka utakapotoka.