Kusafisha si Kufuta

Kipya kinyemi, kingawa kidonda. Methali hii ni ya kwetu, lakini inawaelekea hasa baadhi ya watu wa Marekani wanaojiita wahuishaji wa mashine za kale za michezo.

Ndugu msomaji, mashine hizi ni makabati ya mbao yenye kioo kama cha televisheni, ambayo mtu hutia sarafu akacheza. Space Invaders ilitoka Japani mwaka 1978, Pac-Man mwaka 1980, na Donkey Kong mwaka 1981. Ubavuni mwa makabati hayo zilitiwa picha za rangi kali ili kumvuta mpita njia. Pac-Man zilizoundwa Marekani na kampuni ya Midway zilipuliziwa rangi kupitia kibati kilichotobolewa umbo la picha. Ndiyo maana ukichungua kingo utaona rangi imevuka mpaka wake kidogo. Huo ndio mkono wa fundi.

Mchezo ulipoacha kuingiza fedha, wenye mashine wengi walitia mchezo mwingine ndani, na kabati wakalipaka rangi mpya. Leo wako mafundi wenye subira wanaoiondoa rangi hiyo kidogo kidogo mpaka picha ya kwanza ikatokea. Hao nawasifu. Lakini wako wengine ambao wakiona mikwaruzo miwili mitatu hushika msasa, wakakwangua mpaka kwenye mbao, kisha wakabandika plastiki iliyochapwa juzi. Halafu hujigamba kuwa wamelihuisha!

Hujitetea wakisema, "Tunalirudisha lilivyotoka kiwandani." La hasha! Plastiki ile haikukiona kiwanda hicho. Husema tena, "Ni mali yetu." Kweli, kabati ni mali yenu. Lakini picha ni kazi ya watu ambao mara nyingi majina yao hayakuandikwa hata pembeni. Kazi yao ndiyo jina lao. Mkiifuta, mmewafuta wao.

Na njia ya haki si ngumu. Anza na kitambaa laini kilichokamuliwa vizuri katika maji na sabuni nyepesi, ujaribu kwanza pembe iliyofichika. Usiloweshe, kwani ubao wa chembe za mbao zilizogandishwa kwa gundi hufura ukinywa maji. Jihadhari na asetoni, ile ya kuondolea rangi ya kucha. Huyeyusha rangi pamoja na uchafu. Kioo cha juu chenye jina la mchezo kwa kawaida kimechapwa upande wa nyuma: futa mbele, nyuma usiguse. Palipobanduka, paka hapo tu. Ikiwa picha imekwisha kabisa, basi bandika mpya, lakini kwanza pima na upige picha mabaki yake.

Kisha sema ulilofanya. Hapa ndipo penye shina la maneno yangu. Anayebandika plastiki mpya kisha akauza kabati kwa bei ya la asili, akanyamaza, huyo ameghushi, hata kama ulimi wake haukutamka uongo. Mwuzaji mwaminifu hutaja aibu ya bidhaa kabla ya kupokea thamani.

Kovu la uzee si aibu. Aibu ni ya yule alifichaye, akachukua fedha za mwenziwe.