Mstari Mmoja Uliosahauliwa Usikate Mshahara



Mimi nilisoma hadi darasa la saba, wala sikusomea mitambo. Lakini lipo jambo la mitambo ambalo kila mchuma chai na kila mfanyakazi wa kiwandani inampasa alijue, kwa sababu linagusa mfuko wake.

Katika shamba moja la chai huku Uganda, kilo hupimwa kwa mizani ya umeme kibandani. Mizani hiyo hupeleka hesabu kwa mtandao hadi kompyuta ya ofisi, na mshahara hutoka humo. Mwajiri akanunua kisanduku cha ulinzi, ambacho mafundi hukiita fayawoli, kiwe bawabu wa mtandao. Hilo hatukulipinga. Wezi wa mtandao wapo, na wakiingia huiba hata fedha za mishahara.

Siku ya malipo, akina mama wa divisheni ya pili walikuta siku zao mbili za mwisho zimeandikwa sifuri. Karani akasema mtandao ni mzima, maana barua zake za kompyuta zinakwenda na kurudi, basi hawakuchuma.

Tulikataa. Fundi akaitwa, nami nikakaa naye nikamwuliza mpaka nikaelewa. Bawabu yule ana orodha ya njia. Kila mstari unasema: mzigo wa mtaa huu upitie mlango huu. Mstari mmoja ni wa mizigo mingine yote: usioujua, upeleke nje kwenye intaneti. Sasa ofisi ni mtaa mmoja, na kibanda cha mizani ni mtaa mwingine. Aliyefunga kisanduku aliandika njia ya nje, akaisahau njia ya kibandani. Mizani ilibisha hodi, kompyuta ikaitika, lakini jibu lilipofika kwa bawabu hakuuona mtaa ule katika orodha, akalitoa nje. Huko nje anwani za ndani ya shamba hazitambuliwi, jibu likapotea. Mizani ilingoja bure na hesabu haikupokelewa. Barua za karani zilipita kwa kuwa njia yake ilikuwapo.

Fundi aliongeza mstari mmoja, kazi ya dakika chache. Usiku umeme ukakatika, na asubuhi mizani ikawa bubu tena. Aliuandika mstari lakini hakuuhifadhi, kisanduku kilipowaka upya kikausahau.

Dada mmoja alikuwa akiandika kilo zake kila siku katika daftari la shule la mwanawe. Yeye na wenzake wachache wenye madaftari walilipwa wiki ile ile. Wengine walilipwa kwa makisio ya nyapara, na makisio ya nyapara mnayajua.

Msidhani makosa haya ni ya mashamba tu. Tarehe 4 Oktoba 2021 kampuni ya Facebook ya Marekani ilikosea amri katika mitambo yake ya njia, ikatoweka kwenye intaneti kwa saa sita hivi. Hata mafundi wake walipata taabu kuingia katika majengo yao wenyewe. Ikiwa tajiri huyo amekiri kosa la mtambo, karani wa shamba anaona haya gani? Na kwa nini mchuma chai aitwe mvivu?

Kwa hiyo tudai mambo manne. Kwanza, mizani itoe karatasi ya kilo papo hapo, na kila mmoja aitunze. Pili, orodha ya njia iandikwe na kuhifadhiwa, na kila inapobadilishwa mwakilishi wa wafanyakazi aarifiwe. Tatu, majaribio yafanywe kutoka kila kibanda na kila karakana, si kutoka meza ya ofisi peke yake. Na umeme ukikatika, yarudiwe. Nne, kosa la mtambo lisikatwe kamwe katika mshahara.

Wapo watakaosema kisanduku king'olewe. Hapana. Mlango ukikwama hatuubomoi tukalala wazi, tunautengeneza.

Ndugu, kuuliza si ujinga. Kesho mkiona fundi anafunga kisanduku kipya ofisini, mwulizeni swali moja: "Njia ya kwetu umeiandika?" Na jioni, kabla ya kuondoka kibandani, andikeni kilo zenu.

Umoja ni nguvu.